Gundi ya Stika Kwenye Rangi ya Gari: Uzoefu Wangu na Goo Gone

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma haya huku gari limesimama nje na gundi mlangoni. Goo Gone, dawa ya kuondolea gundi, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, imeondoa gundi yote ya stika kwenye gari langu bila kuacha mkwaruzo wala doa, na nitaitumia tena. Lakini ina masharti. Ukiipulizia na kuanza kusugua papo hapo, utachoka, utaikwaruza rangi, kisha utailaumu dawa. Kazi kubwa inafanywa na muda, si nguvu ya mkono.

Gari nililinunua likiwa limetumika. Kabla yangu lilikuwa la kusambazia mizigo, na lilibeba maandishi makubwa kwenye milango na mstari mpana uliokatiza buti. Aliyeyabandua alivuta plastiki ya juu tu. Gundi ikabaki, ikapigwa jua na kukusanya vumbi, ikawa ya kahawia na yenye chembechembe kama ganda la mkate. Ukiigusa inanata mahali pamoja na imekauka mahali pengine.

Hizo chembechembe ndizo nilizoziogopa kuliko kitu chochote. Rangi ya gari ina matabaka: praima inayoshika bati, rangi yenyewe, kisha tabaka la juu lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa na kuikinga rangi na jua. Katika magari mengi yanayotoka kiwandani, hilo tabaka la juu lina unene wa takriban maikroni 40 hadi 50 tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mchanga ulionaswa kwenye gundi ukisuguliwa na kitambaa unageuka msasa, na mikwaruzo yake huonekana vizuri zaidi kwenye rangi nyeusi na nyekundu. Ndiyo maana niliosha gari zima kwa maji mengi na shampuu ya gari kabla ya kufungua chupa. Hatua hii watu huiruka, na inasikitisha, kwa sababu ndiyo isiyo na gharama.

Palipokuwa bado na vipande vya plastiki nilitumia draya ya nywele. Goo Gone haipenyi plastiki, inafanya kazi kwenye gundi tupu; ukiimwaga juu ya stika nzima unapoteza dawa. Joto linailainisha stika, nawe unaivuta polepole, umeikunja irudi nyuma karibu ilale juu ya bati, badala ya kuivuta moja kwa moja kuelekea kwako. Ukiivuta wima inakatika vipande vidogo. Joto lenyewe liwe la kiasi ambacho kiganja kinaweza kulivumilia ukigusa bati. Na draya izimwe na bati lipoe kabisa kabla ya kuleta dawa, kwa sababu ni kimiminika kinachoshika moto.

Sasa dawa yenyewe. Hii ya magari hutoka kama jeli, na kwa mlango hilo ni jambo kubwa, maana haichuruziki hadi chini kabla haijafanya chochote. Nilipaka sehemu ndogo, nikaifunika kwa karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula, nikaiacha dakika kama 5 hadi 10. Nilipoifunua, gundi ilikuwa imevimba na kuwa laini kama ute mzito. Kadi ya plastiki isiyo na ncha kali, ukiilaza na kuisukuma taratibu, inaikusanya yote upande mmoja. Palipobaki ugumu sikukwangua, nilipaka tena na kusubiri tena. Mabaki ya mwisho niliyatoa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kwa kubonyeza na kuinua, nikigeuza upande mpya kila mara ili nisiirudishe gundi nilipoitoa.

Sababu ya kufaulu kwake ipo ndani ya chupa. Ina mafuta mepesi ya petroli pamoja na limonini, ile kemikali inayoyapa maganda ya machungwa harufu yake. Limonini huchemka kwenye nyuzi joto 176 hivi, lakini asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha ambayo wengine huijaribu kwenye gundi, huchemka kwenye 56 tu. Kwa hiyo asetoni inaruka hewani gundi ikiwa bado haijalowa, nawe unalazimika kumwaga zaidi na kusugua zaidi, tena kwa kitu chenye uwezo wa kulainisha rangi yenyewe. Dawa inayokauka taratibu inapata nafasi ya kuingia chini ya gundi. Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi.

Kuna mlango mmoja ulionifanya niende kwa hadhari zaidi. Kwenye mpira wa pembeni mwake kuna vumbi la rangi iliyopulizwa, ishara kwamba mlango huo umepakwa upya karakana baada ya gari kutoka kiwandani. Rangi ya namna hiyo inaweza kuwa laini kuliko ya kiwandani, kutegemea ilivyochanganywa na kukaushwa. Nilijaribu kwanza ndani ya fremu ya mlango, mahali pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, au pale mahali pakififia au kunata, acha hapo hapo. Changu kilitoka cheupe. Hata hivyo niliiacha dawa kwa muda mfupi zaidi, nikarudia mara nyingi zaidi.

Nimewahi kutumia mafuta ya taa kwa kazi kama hii, na nasema wazi kwamba yanasaidia. Nayo hukauka polepole, na gundi mbichi huyatii. Kwenye gundi iliyokomaa juani yalinichosha, na harufu yake inang'ang'ania. Spiriti ya kusafishia inafaa kufuta utelezi wa mwisho lakini ni dhaifu kwa gundi nene. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, siiweki kabisa karibu na gari, hata mtu aniapie kwamba ameitumia miaka yote. Petroli pia hapana, mvuke wake ni hatari mno. Lipo pia gurudumu la raba linalofungwa kwenye drili, na mafundi wa stika hulipenda kwa sababu lina kasi. Ni zuri kwa mistari mirefu kwenye bati, ila likikaa mahali pamoja linatoa joto la kuunguza rangi, na kwenye bampa za plastiki hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kwa mkono usiozoea, chupa ni salama kuliko drili.

Kasoro za Goo Gone zipo. Inaacha utelezi wa mafuta ambao usipooshwa kwa maji na sabuni utakusanya vumbi upya. Inaondoa pia nta iliyokuwa inakinga rangi, kwa hiyo baada ya kuosha na kukausha ni lazima upake nta nyingine, angalau mahali pale. Harufu ya machungwa inapendeza mwanzoni, baadaye inakuwa nzito, basi fanya kazi penye hewa na kivulini. Vaa glavu, maana limonini inaweza kuwasha ngozi. Na usiiache ikae kwenye mipira ya milango na madirisha. Mimi niliifunika kwa utepe wa karatasi kabla ya kuanza.

Kitu kimoja haikukiondoa, na haki ni kusema kwamba hakuna dawa ya gundi ingekiondoa: kivuli cha maandishi. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa jua, iliyoizunguka ilififia, hivyo gundi ilipoisha bado ungeweza kusoma herufi ukisimama kwa pembeni. Polishi laini iliyosuguliwa juu ya mlango wote, si kwenye herufi peke yake, imepunguza tofauti hiyo sana. Buti imebaki na alama hafifu, nami nimeamua kuiacha, kwa sababu kila duru ya polishi inakula kidogo ya lile tabaka la juu, na hilo halirudi.

Kwa rangi ya kiwandani inayong'aa naipa alama 9 kati ya 10. Kwa gari lililopakwa rangi majuzi, subiri kwanza fundi aliyelipaka akwambie kama rangi imekomaa. Na kama rangi yako ni ile isiyong'aa, usipange kumalizia na polishi kama nilivyofanya mimi, kwa sababu itakuachia baka linalong'aa na hutaweza kulirudisha lilivyokuwa.