Nilifuata nafuu ya fibromayalgia Sinza, nikarudi na chupa isiyo na jina

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na tiba asili. Nimelelewa kwa mchaichai na mafuta ya nazi, na hata sasa, miaka kadhaa tangu nielezwe hospitalini kwamba maumivu yanayonizunguka kutoka shingoni hadi nyongani yanaitwa fibromayalgia, tangawizi haikosekani jikoni kwangu. Ugomvi wangu ni na kijana mmoja mwenye koti jeupe katika kliniki fulani ya tiba mbadala huko Sinza, Dar es Salaam, ambaye mpaka leo nikimkumbuka mabega yanakaza.

Nilikwenda wakati wa likizo ya shule. Basi la mwendokasi lilikuwa limejaa tangu Kimara, nikasimama njia nzima mkono ukining'inia kwenye bomba la juu, na anayeujua ugonjwa huu ataelewa nilivyoteremka Shekilango nikiwa sina hali. Kijana yule hakuniamkia, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Nilimweleza habari ya maumivu ya mwili mzima, usingizi usioburudisha, na aibu ya kusahau majina ya wanafunzi ninaowafundisha kila siku. Akayapitia majibu yangu ya vipimo harakaharaka, akacheka. "Mbona huumwi? Haya ni mawazo tu." Aliyasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la nje, walikokuwa wameketi watu wapatao sita.

Laiti angalijua kwamba majibu safi ndiyo kawaida ya ugonjwa huu! Damu hupimwa ili kuondoa shaka ya magonjwa yanayofanana nao, kama baridi yabisi au hitilafu za tezi ya shingo. Fibromayalgia yenyewe haina kipimo cha maabara, bali hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa, maumivu yakiwa yamesambaa na kudumu angalau miezi 3. Mtu aliyeandika kwenye bango kwamba anaung'oa ugonjwa huo kwa siku 21 hakupaswa kufundishwa hayo na mgonjwa. Kiswahili kinaita kuumika, yaani kufyonza damu kwa pembe au kikombe, "kupiga chuku", na kutia chumvi katika maneno nako ni kupiga chuku. Pale kwao yote mawili yanapatikana chini ya paa moja.

Kisha ikaja chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa iliyotumika, kibandiko kimebanduliwa nusu, na juu yake imeandikwa kwa kalamu "vijiko 3 x 3". Nikamwuliza kuna nini ndani, kwa sababu kila usiku ninameza amitriptilini kidogo kwa agizo la daktari, na dawa hiyo haichanganywi ovyo na vitu vingine vinavyoleta usingizi. Akanitazama kama niliyemtukana. "Bi mkubwa, kama unaiamini hospitali, huku umefuata nini?" Nilichotaka ni jina la mti tu! Ukutani kilining'inia cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, nami nikajiuliza kama usajili ule unamtaka mtu ajue kilichomo chupani au unamtosha kujua kufunga kizibo. Shilingi 70,000 za dozi mbili nilikuwa nimekwisha kuzilipa.

Hapo ningemaliza kwa kuwaambia msikanyage pale, lakini nitakuwa nimemdhulumu mama anayechua katika chumba cha nyuma. Huyo aliniamkia, akapasha mafuta ya nazi yenye habasoda, akaweka kidole gumba chini ya kisogo na kuuliza, "Hapa, mwalimu?" na kabla sijajibu alikuwa amekwisha kupunguza nguvu, kwani ngozi yangu ilikuwa imeshamwambia. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri. Nafuu ilidumu siku mbili, labda tatu, na sidai kwamba ni tiba. Kinachonisaidia kwa muda mrefu ni kutembea polepole ufukweni Coco mara tatu kwa wiki, na hata mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 uliyapa mazoezi peke yake pendekezo lenye nguvu. Lakini siku mbili bila maumivu si kitu cha kubeza.

Chupa iko juu ya friji, haijafunguliwa. Dozi ya pili sijaifuata wala sitaifuata. Ila nikisikia kijana yule yuko likizo, nitapanda tena mwendokasi, safari hii saa nne asubuhi wakati viti vipo, nikamtafute yule mama.