Una hipsi na kifua uko Mwanza? Nguo za kununua, nimezipanga kwa nafasi

Mashosti wenzangu wenye mwili, mi hipsi hizi ninazo tangu kidato cha pili na miaka yote hiyo nguo zangu nanunua hapahapa Mwanza, Makoroboi, Mlango Mmoja, na maduka ya mjini kati, kwa hiyo ninachowaambia nimekivaa mwenyewe. Kosa letu kubwa tunanunua kwa kuangalia kiuno. Unaona gauni kiunoni limekaa unafurahi, afu ukifika nyumbani ukikaa kwenye kiti linapanda mpaka magotini. Nunua nguo inayoenea pale ulipo mpana kuliko kote, iwe hipsi, kifua au mikono, kwingine kote fundi atapunguza. Kupunguza ni kazi ya jioni moja tu, ila kuachia nguo ambayo ndani hawakubakiza kitambaa hamna fundi atakayekusaidia.

Sasa kabla hujatoka nyumbani jipime. Futi kamba, ile ya mafundi, ni kitu cha bei ndogo sana na ikae kwenye mkoba wako siku zote. Pima kifua pale palipotokeza zaidi, kiuno, hipsi, na mkono wa juu karibu na kwapa, huo wa mwisho ndo tunausahau afu ndo unaotutesa kwenye magauni ya mikono. Hipsi zipime umesimama halafu zipime tena umekaa, maana ukikaa zinatanuka na zipu huwa zinakatika ukiwa umekaa kwenye daladala ya Nyegezi, sio ukiwa umesimama mbele ya kioo. Kitambaa kisichovutika kiongezee kama inchi 2 juu ya kipimo chako cha umekaa, kinachovutika hakihitaji kuongezewa. Andika kwenye simu.

Namba moja kwangu ni kitenge cha kushonesha, na hapa sibishani na mtu. Hakuna nguo ya dukani inayojua kwamba kifua chako ni kikubwa na mabega yako ni madogo, fundi anajua kwa sababu amekupima. Mshono ninaousimamia ni ule wa mkato wa prinsesi, ile mistari miwili inayoshuka toka begani au kwapani ikapita juu ya kifua mpaka kiunoni, halafu kuanzia kiunoni sketi inaachia kama mwamvuli. Ile mistari inakibeba kifua bila kukibana na jicho la mtu linateremka nayo kwenda chini, kiuno kinaonekana, hipsi zinapumua. Shingo ya V, mkono ufike kwenye kiwiko au upite kidogo. Na mwambie fundi abakize inchi moja na nusu ya kitambaa ndani, pembeni kote kuwili, sisi miili yetu inabadilika, leo umejifungua, kesho umepungua, mwakani umerudi pale pale, gauni zuri lisikuache kwa ajili hiyo.

Kitenge pisi nzima ni yadi 6, yaani kama mita 5 na nusu, na kwa mwili wangu gauni refu la mwamvuli linakula yadi 4 mpaka 5, inayobaki natoa kilemba na mkanda. Ukinunua pamba tupu kiloweke na ukifue kabla ya kukipeleka kwa fundi, ule ugumu wake wa dukani ni wanga na pamba ikifuliwa mara ya kwanza inasinyaa, sasa usubiri isinyae kwenye mwili wako kwa nini? Sisi tuko Usukumani, pamba tumeiona ikilimwa, lakini dukani bado tunauziwa poliesta tukiambiwa ni pamba. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome na kiberiti, pamba inanuka kama karatasi na inabaki majivu, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Poliesta kwa jua la saa nane la Mwanza na mwili wetu huu ni jasho mgongoni mpaka jioni, mi siitaki kabisa.

Na maua jamani! Kitenge chenye ua kubwa kama sahani ni kizuri sana ila mwonyeshe fundi kwa kidole ua likae wapi kabla hajakata. Mi nimewahi kushonewa sendoff ya mdogo wangu, ua moja limekaa katikati ya tumbo kama ngao, picha zote naona ua tu. Fundi alisema "dada mbona zuri". Nililia kweli. Siku hizi nasimama pale mezani mpaka mkasi upite. Na tarehe ya shughuli mtajie wiki nzima kabla ya ile ya kweli, ile "njoo kesho" mnaijua.

Namba mbili ni mtumba wa kamera, yaani ule wa daraja la kwanza, na hasa gauni la kupishanisha mbele ukafunga kamba kiunoni. Mshono huo ulipata umaarufu Marekani tangu 1974 kupitia Diane von Furstenberg na mpaka leo sijaona gauni la kununua limelifikia kwa mwili wenye kifua na hipsi, kwa sababu kiuno unakifunga wewe mwenyewe kulingana na siku, umekula ugali na sato unalegeza, basi. Angalia tu kwamba zile pande mbili zinapishana vya kutosha, upande wa juu uvuke kitovu ukafike karibu na mfupa wa hipsi, la sivyo upepo wa ziwani jioni pale kwenye feri ya Kamanga utakuaibisha. Kifuani fundi aweke kishikizo kidogo cha kubonyeza.

Mlango Mmoja nenda asubuhi wakati wanafungua belo, na uende umevaa taiti na blauzi ya kubana ili ujaribu pale pale juu ya nguo, usikubali kununua kwa kukadiria. Namba za lebo zisikuchanganye, mzigo unatoka nchi tofauti: 18 ya Uingereza inakaribiana na 14 ya Marekani na 46 ya Ulaya, kwa hiyo unaweza kuvaa namba tatu tofauti na mwili ni ule ule, amini futi kamba yako. Inua gauni juani uangalie makwapa, uangalie mshono wa hipsi kama nyuzi zimeanza kuvutika, pandisha na kushusha zipu mara tatu. Gauni lililokuwa kubwa juu na limekaa hipsi lichukue, hilo ndo dili, fundi atapunguza mabega kwa hela ndogo.

Namba tatu, sketi na blauzi, hii ni kwa wenzangu wa ofisini na wa kupanda mlima. Ukikaa Bugarika, Igogo au Mabatini unajua zile ngazi za mawe, sketi ya penseli ya kubana magotini hutaifikisha juu salama na ile mishono ya nguva ndo usiiguse, utaivua njiani. Chukua sketi inayoachia kidogo chini, urefu uishie pale mguu unapoanza kuwa mwembamba chini ya goti, na blauzi ichomekewe au iishie kwenye mfupa wa hipsi. Faida yake kubwa ni kwamba juu unaweza kuvaa saizi moja na chini nyingine, ambacho kwenye gauni la dukani hukipati.

Halafu dera. Nalipenda, ninayo mengi, nyumbani na Jumapili mchana hamna kama dera. Ila nimeliweka namba nne kwa sababu wengi wetu tumeambiwa dera ndo nguo yetu, kwamba tukiwa na mwili basi tujifunike. Hapana. Dera bila mkanda linaning'inia toka kwenye kifua kwenda chini na wewe unaonekana mpana kuliko ulivyo. Funga mkanda wa kitambaa kiunoni, lipunguze pindo lisifike kwenye vidole, uone tofauti. Na ndani vaa taiti fupi ya pamba, mapaja yakisuguana kwa joto hata dera la bei mbaya halina raha.

Magauni ya kuvutika ya dukani ni ya tano. XXL yao nyingi ukipima unakuta inamtosha mtu wa L, na kitambaa chepesi kinachora kila mstari wa sidiria. Kuna duka moja mjini niliingia na mama yangu, yule binti kabla sijauliza chochote akasema "dada humu hamna saizi yako", mama akanishika mkono tukatoka, hatukununua kitu siku ile. Ukiingia kwenye duka kama hilo toka. Ukilipata lenye kitambaa kizito na bitana ndani, sawa, chukua, rangi moja.

Ya mwisho kabisa ni kuagiza kwa picha mtandaoni. Mwanamitindo wa pale si mwili wako, hujalishika, hujakaa nalo. Kama ni lazima, muombe muuzaji alilaze chini apime upana wa hipsi, na wa kifua toka kwapa mpaka kwapa, kwa futi kamba akutumie picha ya kipimo, namba ya upana uizidishe mara mbili, na akikataa mwache na gauni lake.