Kisanduku cha kadi za tahajia ya Kiingereza: kazi nzuri isiyomfikiria mtoto wa Kiswahili

Mwezi wa Februari nilinunua kisanduku cha kadi za kufundishia watoto tahajia ya Kiingereza katika duka moja la vitabu jijini Dar es Salaam, kwa shilingi 38,000. Binti yangu yuko darasa la tatu katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, na kilichonisukuma kutoa fedha hizo ni daftari lake la imla, ambamo "bread" lilikuwa limeandikwa "bred" na "great" limeandikwa "gret", na kila moja limetiwa alama ya kosa bila neno lolote la maelezo. Jina la mchapishaji sitalitaja, kwa kuwa kasoro kubwa nitakayoieleza nimeikuta pia katika seti nyingine mbili nilizoazima kwa majirani.

Mtoto aliyejifunza kusoma kwa "ba, be, bi, bo, bu" amezoea kwamba herufi ikishajulikana sauti yake haibadiliki, na "a" ya "baba" ndiyo "a" ya "maziwa". Katika Kiingereza, herufi 26 hubeba sauti zipatazo 44, na takriban 20 kati ya hizo ni irabu, ilhali sisi tuna irabu tano tu. Kosa la binti yangu, kwa hiyo, halikuwa la uzembe: aliandika alichokisikia, kama alivyofundishwa kufanya katika Kiswahili.

Kisanduku kina kadi 96 zilizogawanywa katika makundi 12 ya herufi. Upande mmoja wa kadi una neno ambalo kundi linalohusika limekolezwa wino, na upande wa pili una rangi inayoonyesha sauti yake pamoja na sentensi fupi. Mtoto husoma neno, hulitia katika fungu analodhani ni lake, kisha hugeuza kadi ajisahihishe. Mchezo ni huo tu, na urahisi wake ndio uliotufanya tuucheze karibu kila jioni kwa miezi mitatu.

Kundi lililotufaa zaidi ni la "ea". Katika "sea" herufi hizo husomwa kama "i" ndefu, katika "bread" kama "e", katika "great" na "break" kama "ei", na "heart" na "learn" zina sauti zao nyingine. Watungaji wamefanya jambo la busara la kuweka "break" na "breakfast" pamoja, na siku ya nne binti yangu akagundua mwenyewe kwamba neno lile lile likiunganishwa na jingine hubadilisha sauti. Kadi ya "read" ina sentensi mbili, moja ya wakati uliopo na nyingine ya wakati uliopita, na hapo mtoto hulazimika kusoma sentensi nzima kabla ya kuthubutu kutamka. Nilichokikosa ni "steak", ambalo pamoja na "great" na "break" lingekamilisha orodha ya maneno ya kawaida yenye sauti hiyo, orodha fupi ambayo mtoto angeikariri kwa dakika moja.

Kundi la "ough" wameliweka mwanzoni kabisa mwa kisanduku, nadhani kwa ajili ya kumvutia mnunuzi dukani, na kwangu hilo ni kosa la mpangilio. Maneno "though", "through", "thought", "cough", "rough" na "bough" yana mwandiko mmoja na sauti sita, na mtoto anayeanza na hayo huamini kwamba Kiingereza hakina kanuni yoyote. Kijitabu cha mzazi kinaongeza tatizo kwa kusema tu kwamba maneno haya ni ya ajabu na dawa yake ni kukariri. Sababu ipo, na mtoto wa miaka minane anaielewa akielezwa: "gh" iliandikwa kwa kuwa hapo zamani ilitamkwa, kwa sauti iliyo karibu na "kh" ya "kheri". William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, maandishi yakaanza kutulia katika sura moja, huku matamshi yakiendelea kubadilika. Sauti ile ikapotea katika maneno mengine na kugeuka "f" katika mengine. Binti yangu, ambaye husoma madrasa siku za mwisho wa wiki, aliitambua mara moja kuwa ni herufi khaa, na tangu siku hiyo hajaisahau "gh" ya "thought" hata mara moja.

Sasa kasoro yenyewe. Kijitabu kinaelekeza kwamba mtoto akikutana na neno geni ajaribu sauti moja baada ya nyingine mpaka apate neno analolijua. Utaratibu huu unatoka England, ambako kusoma hufundishwa kwa kuunganisha herufi na sauti, na tangu 2012 watoto wa miaka mitano na sita hupimwa uwezo huo kitaifa. Kwa mtoto wa huko ushauri huo unafaa, kwa sababu neno tayari analo masikioni kabla ya kuliona kwenye karatasi. Binti yangu alijaribu "bough" kwa sauti zote sita, na zote zilimwia sawa, kwa kuwa hakuwahi kulisikia neno hilo kwa mtu yeyote. Kwa "rough" hakupata shida hata kidogo, kwa sababu rafu anaijua kutoka uwanja wa mpira.

Hapo ndipo nilipoanza kutengeneza kadi zangu za manila na kuzichomeka katikati ya zao. Maneno tuliyoyakopa kutoka Kiingereza tumeyaandika kama tulivyoyasikia, kwa hiyo yanahifadhi sauti ambayo mwandiko wa Kiingereza unaificha. "Timu" na "sweta" zinampa mtoto sauti mbili za "ea". "Taulo" na "shoo" zinampa mbili za "ow". Na "chaki", "mashine" na "skuli", kama wasemavyo Zanzibar, zinampa sauti zote tatu za "ch". Kundi la "ch", ambalo kabla ya hapo lilikuwa limetusumbua wiki nzima, lilikwisha kwa jioni moja.

Rekodi za sauti hupatikana kwa simu, na ni safi. Nilizihitaji kuliko nilivyotarajia, maana mimi mwenyewe, kama wengi wetu, hutamka irabu za "heart" na "learn" karibu sawa, na binti yangu alikuwa akipotea rangi kwa kunifuata mimi. Karatasi ya kadi ni ngumu ya kutosha, ila kisanduku chenyewe kilipasuka pembeni kabla hatujamaliza mwezi mmoja nacho.

Kwa mzazi ambaye Kiingereza huzungumzwa nyumbani kwake kila siku, bei hiyo ni ya haki na kadi zitumike kama zilivyo. Kwa nyumba kama yetu ningeshauri kuanza na "ea", "ow" na "ch", kuiacha "ough" mwishoni, na kutenga shilingi chache za manila na kalamu za rangi. Kadi ya "bough" na nyingine nane za maneno ambayo binti yangu hajapata kuyasikia nimezifunga kwa mpira na kuziweka kabatini. Ya "dough" tuliitoa juzi, tulipokuwa tunakanda unga wa chapati.