Konsati za Trans-Siberian Orchestra: mimi mpiga fidla nimekubali, ila yule msimulizi wasimtoe

Mimi napiga fidla, taarab za harusi hapa Mombasa ndo kazi yangu, kwa hivyo mtu akinambia kuna bendi ya roki ina fidla na selo na kinanda na magita ya umeme yote kwa jukwaa moja, cha kwanza naskiza kama hiyo fidla yasikika ama imewekwa pale ya kupigiwa picha tu. Jumamosi tukakaa watu sita barazani kwetu Mji wa Kale, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani na spika zetu za kazi, tukaangalia konsati zao zilizorekodiwa. Haya mambo ukiangalia kwa simu umejidhulumu.

Kwa asowajua, ni Wamarekani, walianzishwa na Paul O'Neill 1996, yeye alifariki 2017 lakini wenzake wanaendelea. Kila mwisho wa mwaka wanazunguka Marekani, tena kwa makundi mawili kwa wakati mmoja, moja mashariki moja magharibi. Moto upo, leza zipo, theluji ya bandia ipo, hayo siyaongei sana.

Nachotaka kuongea ni yule msimulizi. Mzee ana sauti nzito, asimama pahali pamoja, muziki washushwa chini kabisa, aanza hadithi, na maneno yake yana vina, yaani ni kama mtu anaghani utenzi, akimaliza ubeti ndo magita yaingia kwa nguvu na wewe ushajua yanalilia nini. Hadithi ni ya malaika anatumwa duniani usiku wa Krismasi akatafute kitu kimoja kizuri cha kurudi nacho, afika kwenye baa, kuna msichana ataka kurudi kwao na hana nauli. Nilikuwa namfasiria mamangu. Aliposikia baa alikunja uso, lakini muuzaji alipofungua droo ya pesa akamtolea yule msichana, mamangu akasema, "Huyo Mungu atamlipa," akavuta kiti karibu.

Na muziki wenyewe, subhanallah. Kile kipande chao maarufu cha Sarajevo chaanza na selo polepole, fikra yake ni mtu anapiga selo katikati ya mji unaopigwa mabomu kwenye vita vya Bosnia, halafu ndani yake waleta wimbo wa Mykola Leontovych wa Ukraine, uliimbwa Kyiv 1916, na maneno yake ya asili hayana Krismasi hata kidogo, ni mbayuwayu kaingia nyumbani kumtabiria mwenye nyumba mwaka wa neema. Ni noti nne tu, zazunguka zazunguka, na utamu wote uko hapo, manake noti hizo hazibadiliki, kinachobadilika ni uzito ulio chini yake, drami zaongezeka, gita laongezeka, na fidla juu bado yasema neno lilelile. Mwenzangu wa kinanda alinyamaza dakika nzima, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Sasa malalamiko. Hadithi yaisha katikati ya shoo! Nusu ya pili ni nyimbo mchanganyiko, kelele nyingi, waimbaji wanapokezana, msimulizi hayupo, na mimi niliona baraza yote imelegea, watu washaanza kushika simu. Mamangu akauliza, "Kwani yule mzee hasemi tena?" Hata taarab, mtu akitoa pesa kutunza, hatunzi fidla, atunza neno lililomgusa, fidla ni ya kulibeba lile neno lifike. Ukiondoa neno nabaki nakwaruza nyuzi tu. Hapo nawakata nyota moja, nne kwa tano.

Ambaye hataki ya Krismasi atafute ile yao ya Beethoven, albamu ya 2000. Ni usiku wake wa mwisho, shetani aja kuchukua roho, amwambia nitakuachia ukikubali muziki wako wote usahaulike duniani. Mtu alokufa Vienna 1827 akiwa kiziwi, hasikii hata hicho alichotunga, na ndo aambiwa akitoe! Mimi nilisikiza vipande vyake vitatu tu vya mwanzo nikazima, nataka niskize na wenzangu, na kwa spika.

Projekta nshaazima tena Jumamosi ijayo. Mamangu kashanambia nisianze mpaka aswali isha.