TAHADHARI: Ukiambiwa "hedi imekufa", usitoe pesa kwanza

Wenye redio kaseti za zamani hapa Nairobi, tafadhali muwe macho. Kuna fundi karibu na Luthuli Avenue anayetoza watu Sh3,500 kwa hedi mpya asiyoiweka (hedi ni kile kichuma kinachogusa utepe wa kaseti na kusoma sauti). Shangazi yangu alimpelekea redio ambayo kaseti zilisikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Akaambiwa hedi imekufa, aiache hadi kesho. Aliporudi sauti ilikuwa safi, akalipa. Nimeifungua mimi: hedi ni ileile, ina mfereji uliochimbwa na utepe kwa miaka, na rangi ya kiwandani iliyofunga skrubu zake haijapasuka. Ilipanguswa tu.

Watu wananaswa kwa sababu hedi chafu na hedi mbovu husikika karibu sawa. Utepe huacha unga wa kahawia kwenye hedi, na unga huo humeza sauti nyembamba kwanza, besi ikabaki. Basi kabla hujatoka nyumbani, washa FM. Ikisikika vizuri, spika ni nzima. Jaribu kaseti nyingine: ikiwa ni moja tu yenye shida, angalia kama kile kisponji kilicho nyuma ya utepe kimedondoka. Kisha chukua pamba na spiriti isiyo na mafuta, upanguse hedi na rola ya mpira hadi pamba itoke nyeupe. Petroli hapana, itaharibu mpira. Sauti ikiyumba, au redio ikila kanda, mara nyingi ni belti iliyolegea au rola chafu. Hedi haihusiki.

Ujanja wake wa pili ndio unaoniuma zaidi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Ukiizungusha kidogo tu, hedi inalala upande na sauti inafifia papo hapo. Jirani yetu alipeleka redio ibadilishwe belti pekee, akamwona fundi huyo akiigusa skrubu hiyo, kisha fundi akamwekea kaseti: "Umesikia? Hedi nayo imeisha." Jirani akabeba redio yake akaondoka. Fundi mwingine mtaa huohuo aliirekebisha kwa bisibisi mbele yake, kaseti ikicheza.

Kwa hiyo simama hapo kazi ikifanywa, na udai hedi ya zamani mkononi kabla ya kulipa. Shangazi alirudi kuidai. Fundi hakuwa nayo, na baada ya mabishano marefu akamrudishia Sh2,000. Zilizobaki bado tunazidai.