Super Bowl Usiku wa Manane: Tathmini ya Matangazo ya Fainali ya 2025 Yalivyofika Arusha

Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, iliyochezwa New Orleans Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025 ilimalizika kwa Philadelphia Eagles kuwashinda Kansas City Chiefs kwa pointi 40 dhidi ya 22, lakini matokeo hayo siyo ninayokusudia kuyapima hapa. Ninayoyapima ni matangazo yenyewe, kama yalivyomfikia mtazamaji wa Arusha aliyelipia king'amuzi chake au aliyelipia kiti mahali pa kutazamia, akakesha kuanzia saa nane na nusu za usiku hadi karibu na mapambazuko ya Jumatatu. Mchezo huu una dakika 60 kwenye saa ya uwanjani, ilhali matangazo yake huchukua zaidi ya saa tatu na nusu. Na muda ambao mpira unachezwa kweli, kwa hesabu iliyofanywa na gazeti la Wall Street Journal mwaka 2010 kwa mechi za ligi, ni kama dakika 11 tu. Kwa hiyo chaneli inayorusha fainali hii haiwezi kuhukumiwa kwa dakika hizo 11, ambazo wachezaji ndio wanaozijaza, bali kwa namna inavyoutumia muda wote uliobaki.

Nilitazama katika baa moja yenye mgahawa upande wa Njiro, ambayo ilikuwa imetangaza mapema kwamba itakesha kwa ajili ya fainali, na ambayo sitaitaja kwa jina. Walikuwepo watalii waliokuwa wakisubiri kupanda Kilimanjaro, waongoza watalii walioujua mchezo huu kutokana na wageni wao, vijana wanaocheza raga, na wazee wawili watatu waliobaki vitini tangu jioni, wakiwa bado hawajakubali kwamba Liverpool imetolewa na Plymouth Argyle katika Kombe la FA. Kundi kama hilo ndilo kipimo kizuri cha matangazo, kwa sababu nusu yake inaujua mchezo na nusu haijui lolote.

Kwa nusu hiyo ya pili mambo ya msingi ni machache. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na ushei. Ikifanikiwa hupewa manne mengine, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho, yaani kufunga tachidauni, ni pointi 6, na kuupiga kwa mguu ukapita katikati ya nguzo ni pointi 3. Maelezo hayo yangetosha kuandikwa chini ya skrini katika dakika tano za mwanzo. Hayakuandikwa wakati wowote.

Upande wa picha sina la kulalamikia, na hapa ndipo matangazo yanapomfundisha mtu bila kusema neno. Mstari wa njano unaoonyesha mahali ambapo timu inapaswa kufika ili ipate majaribio mapya, ulioanza kuonekana katika matangazo ya ESPN mwaka 1998, haupo uwanjani. Huchorwa na kompyuta inayojua kila kamera imeelekea wapi na imevuta picha kwa kiasi gani, na ambayo imekwisha kuelekezwa rangi zipi ni za uwanja na zipi ni za watu, ili mstari upite chini ya miguu ya wachezaji badala ya kuwakata mapajani. Usiku huo kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa kuwa Eagles walivaa jezi za kijani iliyokolea juu ya nyasi bandia za kijani; nilikodoa macho kila walipojipanga karibu na mstari, na sikuuona ukiruka juu ya bega la mtu. Mmoja wa wale wazee aliuliza, kwa dhati kabisa, "Kijana, huo mstari wanaupaka saa ngapi?" Mwongoza watalii aliyekaa mbele yake akageuka na kumjibu, "Haupakwi, mzee. Ni wa kwenye TV tu, wao kule hawauoni." Tangu hapo mzee huyo hakuuliza tena timu inatafuta nini, aliufuata mstari, akawa wa kwanza kwenye meza yetu kupiga kelele walipoupita.

Jambo la pili lililonivutia ni refa. Eagles walipopata mpira kwa mara ya kwanza, walijaribu pasi katika jaribio la nne na A.J. Brown akaudaka vizuri, lakini mchezo huo ukafutwa kwa sababu alikuwa amemsukuma mlinzi. Refa Ron Torbert alifungua kinasa sauti chake na kuueleza uwanja mzima, pamoja na sisi tuliokuwa Njiro, aina ya kosa, namba ya aliyelitenda na adhabu inayofuata. Sisi tuliozoea VAR ya ligi za Ulaya, ambapo refa huchora mraba hewani kwa vidole na kutuachia wenyewe kubishana hadi wiki inayofuata, tulikaa kimya kidogo tukisikiliza. Unaweza kumkatalia refa wa namna hiyo, na vijana wa raga walimkatalia kwa sauti kubwa, ila huwezi kudai kwamba hukuelezwa. Kama kuna kitu kimoja ambacho watangazaji wa soka wangepaswa kukiiga kesho asubuhi, ni hicho.

Kasoro kubwa ya matangazo tuliyoyapata ilikuwa katika uchambuzi. Watangazaji wa chaneli tuliyoitazama walikuwa wepesi wa kumwaga takwimu na wazito wa kueleza, na hili lilionekana zaidi katika jambo lililoamua mechi. Chiefs walikuwa wakisaka taji la tatu mfululizo, kitu ambacho hakuna timu iliyowahi kukifanya tangu Super Bowl ianze, wakiongozwa na kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kupiga pasi, Patrick Mahomes, ambaye sifa yake ni kuwaadhibu walinzi wanaomvamia kwa wingi, kwa kuwa kila mlinzi wa ziada anayemkimbilia huacha nafasi tupu nyuma yake. Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, hakumpa nafasi hiyo. Alituma watu wanne tu wa mbele na kuwabakiza saba nyuma wakiziba njia za pasi. Takwimu za ligi zilithibitisha baadaye kwamba Eagles hawakuvamia kwa mtu wa ziada hata mara moja katika mechi nzima. Wale wanne wakatosha. Mahomes aliangushwa mara sita akiwa na mpira mkononi, na Josh Sweat peke yake aliandikiwa mara mbili na nusu, kwa kuwa wawili wakisaidiana kumwangusha kila mmoja huandikiwa nusu.

Mambo hayo yote yalikuwa wazi kwenye picha, hasa katika marudio ya kamera inayoning'inia kwenye waya juu ya uwanja, nyuma ya kotabeki, ambayo humwonyesha mtazamaji kile anachokiona mchezaji mwenyewe. Katika robo ya pili, Mahomes akiwa amesongwa, alitupa pasi ambayo Cooper DeJean, mlinzi wa Eagles, aliingia mbele yake, akaunasa mpira na kukimbia nao yadi 38 hadi kufunga, katika siku aliyotimiza miaka 22. Marudio yalionyesha waziwazi kwamba kabla ya pasi hiyo kutoka hapakuwa na mtu wa Chiefs aliyekuwa peke yake. Walinzi walikuwa wametapakaa kila mahali. Mtangazaji alitueleza kwamba ni siku ya kuzaliwa ya kijana huyo, akaeleza tena, na sababu ya Mahomes kukosa wa kumpa haikutajwa. Hadi mapumziko Chiefs walikuwa nyuma kwa 24 bila, wakiwa wamesogea jumla ya yadi 23, na bado nilimsikia mtu nyuma yangu akisema Mahomes "hajaamka vizuri." Ukimwacha mtazamaji bila maelezo, hayo ndiyo maelezo atakayojitungia.

Kisha kuna yale mapengo. Marekani, fainali hii ilirushwa na Fox, na sekunde 30 za tangazo la biashara ziliuzwa kwa bei iliyofika dola milioni 8. Wapo wanaokaa mbele ya runinga kwa ajili ya matangazo hayo ya biashara kuliko mpira. Sisi hatukuyaona. Kila mchezo uliposimama, chaneli ilituwekea tangazo la vipindi vyake yenyewe, lile lile kwa mpangilio ule ule, hadi mhudumu wa baa akawa analisema pamoja nalo huku akikusanya chupa. Sidai turushiwe matangazo ya bia na magari ambayo hayauzwi hapa. Ninachosema ni kwamba muda huo ulikuwa zawadi kwa mhariri yeyote mwenye kujali. Angeweza kutukumbusha kwamba timu hizi mbili zilikutana katika fainali ya 2023 na Chiefs wakashinda 38 kwa 35, au kwamba Andy Reid, kocha wa Chiefs, aliwafundisha Eagles hao hao kuanzia 1999 hadi 2012. Angeweza kuwaeleza vijana wetu wa raga kuhusu Jordan Mailata wa Eagles, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga na kuchaguliwa na timu hiyo mwaka 2018 akiwa hajawahi kucheza mechi yoyote ya mpira wa Kimarekani. Ligi hii ilileta kambi yake ya kusaka vipaji Nairobi mwaka 2023. Inatuhesabu kuwa soko, na chaneli zinazonunua haki zake hazina budi kutuhesabu kuwa watazamaji. Nusu saa ya uchambuzi kwa Kiswahili kabla ya mechi, ikiongozwa na mtu mmoja anayeujua mchezo na mwingine anayeuliza maswali ya yule mzee, ingebadilisha usiku wote.

Onyesho la mapumziko lilirushwa bila kukatizwa, na kwa hilo nawapa heko. Rapa Kendrick Lamar alitumbuiza kwa takribani dakika 13, akiwa na mwimbaji SZA, huku Samuel L. Jackson akiigiza kama Uncle Sam, mzee wa kubuni anayewakilisha serikali ya Marekani, na wachezaji wa dansi waliovaa nyekundu, nyeupe na bluu wakijipanga hadi kuifanya bendera ya Marekani. Picha ya juu ilikuwa safi mno. Mashairi yake yana kasi na mafumbo ya ugomvi wa marapa wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo wengi tulitazama zaidi ya kusikiliza, isipokuwa Serena Williams alipoonekana akicheza, ambapo hata waliokuwa wamelala waliamshwa.

Sasa nizungumzie baa. Skrini ilikuwa kubwa na spika zilielekezwa ndani, si barabarani, jambo ambalo majirani wa Njiro nadhani walilishukuru. Bei hazikupandishwa kwa sababu ya tukio, na mishikaki iliendelea kuchomwa hadi saa kumi. Lakini umeme ulikatika mwanzoni mwa robo ya tatu, na jenereta, ambayo tuliahidiwa ingewaka yenyewe, ilisubiri mtu atafutwe, aamshwe na aje na ufunguo. Ilipowaka, king'amuzi nacho kikaanza kujiwasha upya kwa mwendo wake wa kobe. Picha iliporudi Eagles walikuwa na pointi 27, na hakuna aliyeweza kutuambia ziliongezekaje. Nilipomweleza msimamizi kwamba kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kingezuia king'amuzi kisizimike, alinijibu kwa upole, "Tumekusikia, kaka, tutalifanyia kazi," kwa sauti ya mtu anayetoa jibu hilo kila siku. Supu ya mbuzi ya alfajiri ilikuwa nzuri, chapati zilikuwa za jana.

Robo ya nne ilinifaa kwa kulinganisha tu. Ubao ulikuwa 40 kwa 6, mchezo umekwisha, na Chiefs walifunga tachidauni mbili za mwisho, pamoja na pointi zake za nyongeza, ambazo zilipamba matokeo bila kuyabadilisha. Jalen Hurts, kotabeki wa Eagles, alitangazwa mchezaji bora baada ya kupiga pasi kwa yadi 221 na kukimbia mwenyewe yadi 72, rekodi ya kotabeki katika fainali. Jioni ya Jumatatu niliangalia muhtasari kwenye chaneli ya YouTube ya ligi yenyewe, wenye sauti za Kevin Burkhardt na Tom Brady wa Fox. Brady, aliyetwaa taji hili mara saba kabla ya kustaafu na ambaye huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kama mchambuzi, bado ana ukakamavu kidogo katika kuongea, lakini anapotazama marudio anajua jicho lielekee wapi, na hilo ndilo tulilolikosa usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mwenye rafiki anayeujua mchezo akeshe naye, maana picha na sauti ya refa vinastahili kutazamwa moja kwa moja. Asiye na rafiki huyo alale, kisha autazame muhtasari Jumatatu jioni kwa bando dogo tu. Kununua kifurushi kikubwa cha mwezi mzima kwa ajili ya usiku mmoja hakuna maana, hasa wakati kiti cha baa ni bei ya soda. Fainali hii kwa miaka ya karibuni huangukia Jumapili ya pili ya Februari, hivyo mwenye kazi aombe ruhusa ya Jumatatu mapema, na kabla ya kuagiza chochote aulize ufunguo wa jenereta uko kwa nani.