Toluini kwa kazi ya rangi: nimeitumia miezi sita, haya ndo niliyoyaona

Mimi fundi wa rangi na fanicha hapa Majengo, zamani nikitumia thina ya kupimiwa, hujui ndani mna nini, leo iko hivi kesho vile. Sasa nanunua toluini yenyewe, ile kemikali ya majimaji ya kuyeyushia rangi, kopo la lita 5, na wallahi kazi imebadilika. Rangi ya mafuta inalainika vizuri, gundi iliyoganda kwa mbao unapitisha kitambaa mara moja imetoka, hakubaki kunata. Ila mvua za masika zikianza ile kukauka haraka inaponza, hewa ishajaa maji, vanishi inafanya ukungu mweupe juu, siku hizo natumia zailini, kiyeyushi kingine cha rangi, maana yenyewe inakauka polepole.

Kilichoniudhi ni duka la kwanza nililonunua. Waliniwekea kwa chupa ya maji ya nusu lita, haina hata karatasi. Na toluini ukiitazama ni kama maji matupu, haina rangi kabisa! Mtoto wa dadangu akaja na kiu zake akaifungua, nimemdaka chupa ishafika mdomoni, hadi leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Jamani msikubali kuuziwa hivyo. Na mtu akimeza asitapishwe, ikirudi inaweza kuingia mapafuni, mkimbizeni hospitali na kopo lake mkononi daktari aone ni kitu gani.

Moto nao. Hii inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 5, sasa fikiria joto letu la 30, na huo mvuke ni mzito mara 3 kuliko hewa kwa hivyo hauendi juu, unatambaa chini chini. Jirani yangu anapika mahamri na jiko lake la makaa liko hatua kumi toka mlangoni kwangu, basi mimi kopo silifungui mpaka amalize na makaa yazimwe kabisa, hata kama mteja ananipigia simu.

Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, nilikuwa naumwa kichwa kila jioni na kizunguzungu juu mpaka niliponunua ile ya chujio la mkaa, na milango naacha wazi upepo upite. Mikono pia nilikuwa nainawa na toluini rangi itoke, ngozi ikakauka ikapasuka katikati ya vidole, siku hizi napaka mafuta ya kupikia kwanza halafu sabuni.

Nitaendelea kuinunua, ila kwa kopo la bati lililofungwa toka kiwandani tu, na langu nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote.